Nataka kuendesha baiskeli Alps mahali pasipo na magari: nianzie wapi?

SWALI: Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, muuguzi hapa Munich. Nyumbani nilikuwa naendesha baiskeli mpaka siku lori liliponisukuma mtaroni kwenye barabara ya kwenda Eldoret. Tangu hapo nikisikia injini nyuma yangu mikono inakufa ganzi. Nimenunua baiskeli ya changarawe ya mtumba: tairi za milimita 38, gia ya mbele moja yenye meno 40, ya nyuma iliyo kubwa kabisa ina meno 42. Naambiwa Alps kuna njia za changarawe ambazo gari halipiti. Nina siku tatu za mapumziko mapema Septemba. Niende wapi, milima nitaiweza, na je, ni kweli hakuna magari?

JIBU: Dada, pole sana kwa lile lori. Jibu fupi ni hili: nenda Dobbiaco, kaskazini mwa Italia, ufuate tuta la reli ya zamani mpaka Cortina d'Ampezzo, ulale huko, kesho yake urudi. Ni kilomita kama 30 kwenda, changarawe iliyoshindiliwa, na mwinuko wake ni wa treni, si wa mbuzi. Wenyeji wanaosema Kijerumani wanauita mji wa Dobbiaco Toblach, kwa hiyo kwenye vibao na ratiba utakuta majina yote mawili.

Kwa nini huko na si mahali pengine penye picha za kuvutia zaidi? Kwa sababu swali lako la mwisho ndilo lenye uzito. Alps si pori. Ni milima yenye watu wengi. Karibu kila bonde kubwa lina barabara ya lami, na barabara hiyo wikendi ya kiangazi hujaa pikipiki. Usidhani ukipanda juu zaidi utayakimbia magari: barabara ya lami ya Passo dello Stelvio hufika mita 2,757 juu ya bahari na moshi utauvuta mpaka kileleni. Njia isiyo na magari huwa na sababu yake. Ama ilijengwa kwa kazi ambayo imekwisha, ama ina geti na mwenye ufunguo, ama kuna siku na saa ambazo magari yamezuiwa. Ukiijua sababu, utajua pia ni lini njia hiyo itakuangusha.

Njia ya Cortina ni ya aina ya kwanza. Kabla ya 1918 Cortina ilikuwa ndani ya Austria, na mpaka na Italia ulipita kusini kidogo. Italia ilipoingia vitani mwaka 1915, jeshi la Austria lilitandika reli nyembamba kutoka Toblach kuelekea mstari wa mbele, na Waitalia nao wakatandika ya kwao kutoka Calalzo upande wa kusini. Vita vilipokwisha vipande vikaunganishwa, na mwaka 1921 ikawa reli moja ya abiria, kilomita 65 hivi, yenye upana wa milimita 950. Umeme ukaingia mwaka 1929. Cortina ilipoandaa Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1956, reli hiyo ilikuwa bado inabeba watu. Mwaka 1964 ilikuwa imeshafungwa yote, abiria wakiwa wamehamia kwenye mabasi na magari yao. Gari ndilo lililoiua reli, na marehemu akakuachia wewe urithi wa njia ambayo gari haliruhusiwi kukanyaga.

Uzuri wa tuta la reli kwa mtu aliyekaa muda bila kuendesha ni kwamba treni haipandi kilima kikali. Unaanzia Dobbiaco kwenye mita kama 1,250, unafika juu kabisa pale Passo Cimabanche kwenye mita 1,530, kisha unateremka mpaka Cortina, mita 1,200 na ushee. Kupanda hakufiki mita 300, na kumetandazwa kwenye kilomita kama 15. Nakuru iko mita 1,850 hivi, kwa hiyo kilele cha safari yako kiko chini ya mtaa uliokulia. Lakini usijivunie hilo. Munich iko mita 520 tu, na mapafu yaliyozoea nyanda za juu husahau ndani ya wiki chache. Utahema sawasawa na Wajerumani wenzako.

Endesha kutoka kaskazini kwenda kusini siku ya kwanza, maana ndivyo milima inavyojifunua vizuri. Muda mfupi baada ya mji utapita Lago di Dobbiaco, halafu makaburi ya askari wa vita vile vya kwanza, chini ya miti, misalaba ikiwa imepangwa kwa safu. Bonde linakuwa jembamba. Pale Landro kuna upenyo upande wa kushoto, na ndani yake, kwa mita chache tu za safari yako, zinaonekana Tre Cime di Lavaredo, zile nguzo tatu za mawe zilizo kwenye kila kalenda ya Italia. Watu wengi wanapita wakitazama taa ya mwenzao wa mbele. Simama. Mbele kidogo ni Lago di Landro na mlima Cristallo nyuma yake, kisha Carbonin, kisha Cimabanche. Baada ya hapo ni kuteremka, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pale reli ilipovuka korongo la Felizon: daraja, mahandaki, na maji yanayonguruma chini sana. Washa taa kabla ya kuingia handakini. Sheria ya Italia inamtaka mwendesha baiskeli avae fulana ya kuakisi mwanga ndani ya handaki, na bei yake haizidi ya kikombe cha kahawa pale Cortina.

Nisikufiche jambo. Barabara kuu ya lami, Strada Statale 51, inapita bonde hilohilo. Hutakuwa juu yake, lakini mahali pengine utaisikia, na kuna sehemu za kuivuka. Nakuambia mapema kwa sababu ya ile ganzi ya mikono. Wengi walio na hofu kama yako huona nafuu kuisikia injini wakijua kwamba kati yao na gari kuna miti na mtaro, lakini wewe ndiye unayejua mwili wako. Kwenye vivuko, shuka, sukuma baiskeli kwa miguu, panda tena. Hakuna anayekuhesabia.

Halafu kuna msongamano wa aina nyingine. Baiskeli za umeme ni nyingi, familia zina trela za watoto, wazee wanatembea wawili wawili katikati ya njia. Wiki ya katikati ya Agosti, karibu na sikukuu ya Ferragosto tarehe 15, Italia nzima iko likizo na tuta lile halifai. Mapema Septemba umechagua vizuri: shule zinakaribia kufunguliwa, na mvua za radi za mchana zimeanza kupungua. Wakati wa baridi usijaribu kabisa, maana njia yote hufunikwa theluji na kugeuzwa kuwa ya watu wa ski.

Kuhusu changarawe yenyewe, isahau murram. Murram yetu ikilowa ni utelezi na tope linaloziba breki; ikikauka ni vumbi, na mawimbi yale yanayotikisa meno. Mawimbi huchongwa na magurudumu ya magari yaendayo kasi, kwa hiyo njia isiyo na magari kwa kawaida haina mawimbi. Mawe ya Dolomiti, yaani milima hii ya njia ya Cortina, ni meupe, ya jamii ya chokaa, na hunywa maji upesi. Saa moja baada ya mvua unaendesha bila shida. Ubaya wake ni ncha kali. Hupasua ubavu wa tairi, hasa tairi jembamba lililojazwa upepo kupita kiasi.

Hapo ndipo tuje kwenye baiskeli yako. Tairi za milimita 38 zinatosha kwa reli. Kama fremu inaruhusu, weka za 42 au 45; ndiyo pesa utakayoifaidi kuliko nyingine yoyote utakayotumia kwenye baiskeli hiyo. Upepo: wauguzi mnapenda vipimo, basi nikupe. Kwa mtu wa kilo 65 hadi 70 na tairi la 42, anza na bar 2.3 mbele na 2.5 nyuma, kisha punguza kidogokidogo mpaka uone tairi linabonyea kwenye jiwe badala ya kuruka. Karibu kila baiskeli inayoletwa kwangu ina upepo mwingi mno, na mwenye baiskeli analaumu kiti. Ukiweza, ondoa tyubu na utie maji ya kuziba matundu. Usipoweza, beba tyubu mbili, pampu, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani ubavu ukipasuka.

Gia yako, 40 mbele na 42 nyuma, ina maana kwamba kila mzungusho wa pedeli unakusogeza mita mbili na kidogo. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 na ushee kwa saa. Kwenye reli hutaihitaji hata hiyo. Lakini sasa nakuja kwenye siku ya pili, na huko mambo ni tofauti.

Siku ya pili unarudi kutoka Cortina kupitia Cimabanche mpaka Carbonin, mita 1,438. Kutoka hapo kuna barabara ya zamani ya kijeshi inayopanda mpaka uwanda wa Prato Piazza, au Plätzwiese, karibu mita 2,000. Ni changarawe tupu na imefungwa kwa magari. Mwishoni mwa karne ya 19 Waaustria walijenga ngome huko juu kulinda mpaka, na barabara ni ya wakati huohuo; magofu ya ngome yapo bado, karibu na nyumba ya wapanda mlima, kwenye mita 2,040. Wastani wa mwinuko ni asilimia 9 kwa kilomita kama 6. Hapo ndipo utatamani gia ya mbele ya meno 36. Fundi wa Munich ataibadilisha na kufupisha cheni kwa muda mfupi, mradi umuulize kwanza kama kranki yako, ile mikono ya pedeli, inakubali. Usipobadilisha, utapanda vipande na kusukuma vipande, na si aibu: ni saa moja na nusu hivi badala ya dakika 50.

Kupanda mlima wa changarawe, kaa kitini. Ukisimama, uzito unaliacha gurudumu la nyuma na linazunguka bure. Kuteremka ni kinyume: sogeza makalio nyuma, shika usukani chini kwenye mikunjo, tazama mbali na si mbele ya tairi, na umalize kupunguza mwendo kabla ya kona. Breki usizishike mfululizo. Finya kwa nguvu, achia, finya tena, zipate kupoa. Ukifika juu Plätzwiese usishawishike kuteremkia upande wa pili kuelekea Braies, hata kama ramani inaonyesha mzunguko mzuri. Upande ule ni lami, na yale unayoyakimbia yapo huko. Rudi ulikotoka, Carbonin, kisha Dobbiaco.

Kwa sababu unaishi Munich, kabla ya Septemba nataka ufanye jaribio la siku moja karibu na nyumbani. Panda treni ya mkoa mpaka Mittenwald. Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya treni za mkoa, inakufikisha, ila baiskeli unailipia tiketi yake. Fuata mto Isar kilomita chache mpaka Scharnitz, ng'ambo ya mpaka wa Austria, kisha ingia bonde la Hinterautal. Barabara ya changarawe inafuata mto mpaka kwenye chemchemi zake na kibanda cha malishoni kiitwacho Kastenalm, kwenye mita 1,220 hivi. Mwanzoni kuna vilima viwili vitatu vya kukutoa jasho juu ya korongo, baadaye bonde linafunguka. Magari binafsi ya kawaida hayaruhusiwi; utakutana labda na la mwindaji au teksi ya kubeba wapanda mlima, nayo huenda polepole. Huu ndio Isar uleule unaopita katikati ya Munich. Kama jaribio hili litakuacha na furaha, Dobbiaco haitakushinda.

Hiyo ni njia ya aina ya pili, yenye geti, na hapa kuna mtego ambao wageni wengi wa Munich wanauingia. Huko Bavaria, jimbo la Munich, katiba ya mwaka 1946 inampa kila mtu haki ya kufurahia milima na misitu, na baiskeli inaruhusiwa kwenye njia zinazoifaa. Unavuka mpaka, msitu ni uleule, miti ni ileile, lakini sheria imegeuka. Sheria ya misitu ya Austria ya mwaka 1975 inakuruhusu kutembea msituni kwa miguu. Kuendesha chombo kwenye barabara ya msitu kunahitaji ridhaa ya mwenye barabara, na baiskeli ni chombo. Huko Tirol, jimbo la Austria, wenye ardhi wameingia mikataba na serikali ya jimbo, na njia zilizokubaliwa zimewekewa vibao. Hinterautal ni mojawapo. Basi usiamini programu ya simu peke yake: inajua kwamba barabara ipo, haijui kama umekaribishwa. Duara jeupe lenye ukingo mwekundu linazuia baiskeli pia, isipokuwa chini yake kuna kibao kinachozitaja kuwa zimeruhusiwa.

Aina ya tatu, ya siku na saa, nakutajia kwa ajili ya mwaka ujao tu. Magharibi mwa Italia, juu ya bonde la Susa, kuna barabara ya Assietta kati ya Colle delle Finestre na Sestriere. Kwa kilomita zaidi ya 30 hukai chini ya mita 2,000, yote changarawe, na penye kimo zaidi unapita mita 2,500. Ilikuwa ya jeshi. Kiangazi hujaa pikipiki na magari ya milimani, isipokuwa Jumatano na Jumamosi za Julai na Agosti, ambapo vyombo vya moto huzuiwa mchana. Jumanne utalia, Jumatano utadhani umefika peponi. Soma tangazo la mkoa la mwaka husika kabla ya kununua tiketi.

Ng'ombe nao wana lao. Wewe wa Nakuru ng'ombe huwaogopi, lakini hawa wa Alps hukaa miezi yote ya kiangazi malishoni bila mchungaji kusimama nao, na mama mwenye ndama hana mzaha. Mwaka 2014 mpanda mlima aliyekuwa na mbwa aliuawa na ng'ombe kwenye bonde la Pinnistal, Tirol. Wakiwa njiani, shuka, wazungukie kwa mbali, baiskeli ikiwa kati yako na wao. Geti la malisho ulilolikuta limefungwa, lifunge tena.

Hali ya hewa: kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hadi 7. Plätzwiese mapema Septemba mchana ni pazuri, asubuhi vidole vinauma. Beba glavu za vidole virefu na koti la mvua hata mbingu ikiwa nyeupe. Radi huja alasiri, kwa hiyo panda asubuhi. Namba ya dharura ni 112 kote. Jambo moja ambalo bima yako ya afya ya Ujerumani huenda isilibebe ni helikopta ya uokoaji. Ukivunjika mguu malishoni, bili yake inaweza kuwa ya maelfu ya euro. Uanachama wa Deutscher Alpenverein, chama cha wapanda milima cha Ujerumani, unakuja na bima ya uokoaji milimani. Jiunge kabla ya safari.

Na sasa neno ambalo vitabu vya Wazungu vya baiskeli haviliandiki. Beba pasipoti halisi na kibali chako cha ukaazi, si picha kwenye simu. Kwa kibali cha Ujerumani kilicho hai unaruhusiwa kukaa Austria na Italia hadi siku 90 katika kila siku 180, kwa hiyo uko ndani ya haki. Lakini treni za Brenner, mpakani mwa Austria na Italia, hukaguliwa, na polisi wakiingia behewani wenzetu ndio huulizwa kwanza. Viweke kwenye mfuko wa mbele, vitoe bila haraka, endelea na chai yako.

Kwenda: treni ya Munich kuelekea Verona mpaka Fortezza, ambayo Wajerumani huiita Franzensfeste, kisha treni ya bonde la Pustertal mpaka Dobbiaco; kwa jumla ni zaidi ya saa nne. Kwenye treni ya masafa marefu nafasi ya baiskeli lazima uikate mapema, na Septemba huisha haraka. Zikiisha, treni za mkoa kupitia Kufstein, Innsbruck na Brenner hazihitaji kuweka nafasi, ila utabadilisha mara kadhaa na utakaa na baiskeli mlangoni.

Siku ya tatu niiachie miguu yako. Ikiwa imechoka, au mvua imeshika, usipande popote. Kutoka Dobbiaco kuna njia ya baiskeli inayoteremka na mto Drava mpaka Lienz, Austria, kilomita karibu 50, nyingi zikiwa za lami laini lakini nje ya barabara ya magari; watoto wadogo wa Italia huimaliza. Unaanzia karibu kabisa na mgawanyo wa maji: mvua ya upande mmoja wa uwanda wa Dobbiaco huenda Adriatiki, ya upande wa pili hufuata Drava mpaka Danube na Bahari Nyeusi. Lienz unakula, unarudi kwa treni. Panga kurudi na treni ya kabla ya saa tisa, maana baada ya hapo kila aliyeteremka asubuhi anataka kupanda nayo, na wahudumu hawaogopi kumwacha mtu stesheni na baiskeli yake.